Mahali pa Yowe

Sikwenda kwa moyo mweupe, nakiri.
Nilikwenda kwa kuwa Lavinia wa ghorofa ya chini
alikuwa na tiketi mbili na mume mgonjwa,
na kwa kuwa Februari ya Dayton haina pa kwenda
ila ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa matairi:
viti vya chuma, kahawa ya birika kubwa,
na kikanza ukutani kinachogonga ovyo
kama mpiga ngoma aliyefukuzwa bendi.

Wimbo wa Verlon Tibbs si koti la mtumba,
kila apitaye alijaribu mabegani.
Miaka sita nilisimama kiwandani
nikiubandika lebo ya kijani,
sahani baada ya sahani, zingali na moto.
Niliujua kwa vidole kabla ya masikio.
Najua pumzi yake ya kwanza, mkwaruzo wa besi,
na najua, kama ajuavyo kila mtu wa rika langu,
lile yowe kabla ya ubeti wa tatu.

Lo, yowe lile!
Harusini watu waliweka glasi chini kulingoja.
Marehemu Hosea wangu alizima injini
katikati ya Mtaa wa Tatu, taa ya kijani,
honi zikimlilia nyuma,
ili lisimpite.

Basi akapanda binti, Keturah Broadnax,
mchana hupokea simu kwa daktari wa meno.
Sweta ya rangi ya haradali, vifungo hadi kooni.
Hakutikisa bega. Hakutuamkia.
Alianza chini, chini kabisa,
kama mtu anayepapasa swichi ya taa
nyumbani mwa mtu aliyelala.

Nikakunja mikono. Haya, tutaona.

Ubeti wa kwanza aliupita bila kuvunja kitu.
Wa pili, akalichelewesha neno moja, "msumarini",
pale koti la aliyeondoka linaponing'inia,
hadi mpiga kinanda akageuka kumtazama.
Mikono yangu ikajikunjua, sikuituma.
Kisha tukafika. Ukumbi mzima ukavuta pumzi,
wazee tukakaza taya,
tayari kulipokea, tayari kulipima.

Hakupiga yowe.

Alinyamaza.
Mahali pa yowe akaweka kimya,
kipana, kizima, hakina hata ufa.
Kikanza kikagonga mara mbili.
Mtu huko nyuma akaangusha kijiko.
Halafu, kwa sauti ya kuzungumza tu,
ukaja mstari ambao, naapa, sikupata kuusikia
miaka hamsini na kitu:
"Chakula chako nimekila mimi,
sahani yako nimeiosha."

Kumbe ulikuwamo siku zote!
Umejibanza nyuma ya mgongo wa yowe.
Sisi tulikuwa bado tunapiga makofi
Verlon alipokuwa akituambia
jinsi mtu anavyoachwa kweli:
si kwa kulia,
kwa kupakua vya wawili
na kuosha vyote peke yako.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji,
kwa hiyo pale kwenye makoti nilipima maneno.
Nikamwambia tu: "Umenirudishia mstari."
Akacheka, akakoholea kiwiko.
"Mama, nina mafua tangu Jumatatu.
Lile yowe nisingeliweza."

Sawa. Hata mafua yana sikio.
Wangapi wenye koo zima
wangelitoa la kuokoteza,
tukashangilia, tukarudi nyumbani viziwi vilevile?

Sikuvua viatu. Niliitoa sahani yangu kabatini,
nikapuliza vumbi, nikashusha sindano.
Yowe likaja mahali pake, kubwa kama zamani,
nami kwa mara ya kwanza nikaliinamia
kama anayechungulia nyuma ya pazia.

Kweli. Alikuwa pale, Verlon,
mikono ndani ya maji.